Boyhood haikuchukua Oscar ya filamu bora

Mnasema Boyhood ndiyo iliyochukua Oscar ya filamu bora? Siyo sheikh, Oscar ya filamu bora mwaka ule 2015 ilikwenda kwa Birdman. Boyhood iliteuliwa mara 6 ikaondoka na moja tu, ya Patricia Arquette, mwigizaji msaidizi wa kike. Labda mnachanganya na BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, na Golden Globe ya drama, huko kweli ilibeba filamu bora.

Na miye naona haki ilitendeka. Mwongozaji wake Linklater kaipiga picha kidogo kidogo miaka 12 kuanzia 2002, watoto wanakua kweli mbele ya kamera, hilo hakuna wa kulipinga, lakini ukiitoa hiyo miaka 12 huyo Mason, kijana mhusika mkuu, mwenyewe ni nani hasa? Karibu saa mbili na dakika 45 anatizama tu mambo yakimpita. Wale watoto wa baba wa kambo mlevi, mama anakimbia na wanawe wao wanaachwa pale pale na hatuwaoni tena mpaka filamu inakwisha, wallahi hilo liliniudhi. Halafu yule kibarua wa bomba la maji machafu, mama anamwambia una akili nenda kasome, baadae katokea meneja wa mkahawa anashukuru, basi kesha huyo.

Maskani kwetu Kikwajuni wanaisifu mno, ukiwauliza wakutajie kitu kimoja Mason alichokifanya wanarudi kule kule kwenye miaka 12. Arquette, aliyecheza huyo mama, lakini nampa haki yake, pale kijana anafungasha kwenda chuo na mama analia mezani, ile tuzo kaichuma.