Maswali ya Wasomaji: Mdalasini wa Kerinci na wa Amani

SWALI: Wahariri, salaam. Nina ekari mbili za mdalasini huku Amani. Kila tukipeleka mzigo Muheza, wanunuzi hutwambia Indonesia ndiyo inayotushushia bei. Naomba kujua, mkulima mwenzangu wa huko, aliye kijijini ndani kabisa, anaishije? Amenizidi nini?
Mkulima, Amani, Muheza

JIBU: Ndugu mkulima, sehemu kubwa ya mdalasini wa Indonesia hutoka kisiwa cha Sumatra, hasa bonde la Kerinci katika mkoa wa Jambi. Ni nyanda za juu. Ziwa lililo chini bondeni liko mita 780 na ushei juu ya usawa wa bahari, na upande mmoja umesimama Mlima Kerinci wenye mita 3,805, volkano ndefu kuliko zote nchini humo. Kutoka Padang, mji wa bandari, hadi Sungai Penuh, mji ulio bondeni humo, ni safari ya gari ya kutwa nzima kwenye kona za milimani, na mvua zikikaza, udongo huporomoka ukafunga njia. Kwenda vijiji vya pembeni watu hukodi pikipiki, kama bodaboda zetu.

Maisha yake yana mafiga matatu. Bondeni ana mpunga wa kula. Kwenye miteremko ana kahawa, pilipili au viazi vya kumpa fedha ya matumizi. Juu zaidi ana mdalasini, na huo haugusi ovyo, kwa kuwa ndiyo akiba yake. Mti huachwa miaka 8 hadi 15, wengine zaidi, ukakatwa siku mtoto anapokwenda chuo, kunapokuwa na harusi, au mzee anapotaka kwenda Hija. Kwa kila mwaka anaosubiri hulipwa mara mbili: kilo zinaongezeka, na gome linanenepa. Gome nene la shina la mti mzee ndilo daraja la juu. La matawi na miti michanga huenda daraja la chini.

Ila si wote wanaoweza kusubiri. Mwenye shida ya haraka hukopa kwa mnunuzi wa kijijini, wanayemwita toke, kisha hulipa kwa magome kwa bei anayoipanga toke huyo. Nadhani hapo unajiona mwenyewe. Kwa hiyo aliyekuzidi si yule mwenye ardhi nzuri kuliko yako. Ni yule mwenye kahawa na pilipili za kumvusha miezi ya njaa bila kugusa mdalasini.

Kuna jambo jingine ambalo vijiji vyetu vingelifaidi sana. Sheria Namba 6 ya Indonesia ya mwaka 2014 iliagiza kila kijiji nchini humo kipate mgao wake kutoka bajeti ya taifa, na fedha zilianza kutoka mwaka 2015. Vijiji ni zaidi ya 70,000. Wananchi hukaa mkutanoni wakapanga: barabara ya kutoka shambani, mfereji wa maji, au kliniki ya kila mwezi ya kupima uzito wa watoto. Bajeti hubandikwa hadharani kwenye bango kubwa ili kila mpita njia aisome. Wizi upo, na wakuu wa vijiji kadhaa wamefungwa kwa kula fedha hizo, lakini mwanakijiji anajua kiasi gani kimeingia, na anayo haki ya kuuliza.

Kuhusu kesho yao, tatizo kubwa ni ardhi. Bonde limezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Kerinci Seblat, yenye karibu hekta milioni 1.4, makazi ya chui milia wa Sumatra. Watoto wameongezeka, mlima haukuongezeka. Wako wanaopenya kulima ndani ya msitu, na wako vijana wanaoondoka kutafuta kazi mijini au Malaysia. Nanyi mnaopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani hamhitaji kuelezwa zaidi.

SWALI: Mimi hukata mdalasini kila ada ya shule inapodaiwa. Najua nakata mapema. Nitatokaje humo?
Mama mkulima, Magoroto

JIBU: Mama, kukwambia usubiri tu bila kukuonyesha fedha ya kungojea ingekuwa kukuonea. Anza kwa kuligawa shamba. Ukipanda kwa mita 3 kwa 3, ekari moja huchukua miti kama 450. Ukitaka kila mti ufikishe miaka 8, gawa ekari mafungu manane ya miti 56 hivi, uvune fungu moja kila mwaka. Ada ikija, kuna fungu lililokwisha komaa, na hayo mengine saba hayaguswi. Miaka ya mwanzo ni migumu, hilo hatulifichi, maana mafungu hayalingani umri. Anza na miti iliyo mikubwa zaidi.

Fedha ya kungojea itoke chini ya miti hiyo hiyo. Miaka miwili ya kwanza jua bado linafika chini, basi panda maharage. Kivuli kikishika, weka iliki penye unyevu. Pilipili manga panda kwenye miti mingine ya kudumu, kwa mfano miti ya mpakani, si kwenye mdalasini utakaoukata, kwani mti ukiangushwa na pilipili inakwenda nao.

Na kisiki kitunze, ndicho shamba lako la kesho. Kerinci hubandua kwanza gome la sehemu ya chini mti ukiwa bado umesimama, kisha ndipo huuangusha. Wewe kata mshazari, kama sentimita 15 kutoka ardhini, ili maji yasituame juu ya kisiki. Usibandue gome la kisiki hadi mizizini. Kata mvua zikiwepo: gome hubanduka kwa urahisi na machipukizi huja haraka. Yatatoka mengi, mwisho wa mwaka bakiza mawili au matatu yenye nguvu. Visiki vingi vinavyokufa huku kwetu vimekatwa kiangazi, au machipukizi yameliwa na mbuzi.

SWALI: Mdalasini wao na wetu ni mmoja?
Msomaji, Tanga mjini

JIBU: Hapana, ni ndugu tu. Wa Kerinci gome lake ni nene na gumu, na likikauka hujikunja tabaka moja. Unaolimwa zaidi Muheza ni wa asili ya Sri Lanka: ukivunwa ungali mwembamba, hujikunja tabaka nyingi laini zinazovunjika kwa vidole. Tofauti kubwa ni kumarini, kemikali inayoweza kudhuru ini ikiliwa kwa wingi. Wa Kerinci unayo nyingi, wetu kidogo mno. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mnunuzi anayekulipa bei ya Kerinci kwa mzigo wa Amani anafaidika na ukimya wako.

SWALI: Magome yangu huota ukungu ghalani japo nayaanika siku tatu. Nakosea wapi?
Mkulima, Amani

JIBU: Siku tatu za jua kali zingetosha, lakini za ukungu wa Amani hazitoshi. Usihesabu siku, pima gome. Vunja moja katikati: likikatika kwa mlio, limekauka, likipinda, rudisha juani. Unyevu usizidi asilimia 14, na gome bichi litapoteza karibu nusu ya uzito wake kabla ya kufika hapo.

Kwangua ganda la nje siku ile ile ya kubandua, kabla halijashika. Anika juu ya kichanja kilichoinuka mita moja kutoka ardhini, tabaka moja tu. Kosa tunaloliona zaidi ni kupachika magome madogo ndani ya makubwa yakiwa mabichi. Nje hukauka, ndani hubaki maji, na ukungu huanzia hapo pamoja na sumu kuvu. Funika kabla ya umande wa jioni. Usikaushie juu ya moto wa jikoni, maana harufu ya moshi haitoki tena.

Hifadhi kwenye magunia ya katani, si viroba vya plastiki, juu ya chaga za mbao na mbali na ukuta. Ukikuta gome moja lenye ukungu, litoe, na yaliyokuwa jirani yake yarudi juani siku hiyo hiyo.