Kinyaa peke yake hakikukingi

Juzi dada mmoja kaniandikia, anasema tangu korona ipoe mumewe anamcheka eti ana wazimu wa vijidudu, kwa sababu bado ananawa mikono kila saa, sasa anauliza aache? Dada yangu umenigusa penyewe, mimi nimechekwa hivyo tangu utotoni. Sishiki kitasa kwa kiganja, kijiko cha mtu silii, mtu akipiga chafya nyuma yangu nahama kiti. Halafu Machi 2020 WHO wakatangaza janga la dunia, na walewale waliokuwa wananicheka ndo wakawa wa kwanza kunipigia, barakoa inavaliwaje, sanitaiza ipi inafaa (alkoholi isipungue asilimia 60, nikawaambia). Nilijiona wa maana sana, sifichi.

Ila kinyaa kinakusukuma tu ujikinge, hakikwambii ujikinge vipi, na hapo ndo uvumi unapoingia. Mwenye kinyaa akiambiwa kuna kitu kinaua virusi, anakitaka leo leo. Kwenye grupu letu la familia ikaja meseji, changanya dawa ya madoa ya klorini na siki, deki nyumba nzima. Nikaandika msifanye, hiyo inatoa gesi ya klorini, inaunguza mapafu. Nikaitwa mjuaji, nikatolewa grupu. Ndugu yangu mmoja akachanganya, akakohoa usiku kucha, na mpaka leo hakuna aliyeniomba radhi, inaniuma bado. Na huko Iran mwaka huohuo watu mamia walikufa kwa kunywa methanoli, alkoholi ya sumu isiyonyweka, wakidhani ni kinga.

Kingine, kinyaa kinaona uchafu, hewa hakiioni. Watu walikuwa wanapangusa kila pakiti inayoingia ndani, halafu haohao wanakaa chumba kimoja watu kibao, madirisha yamefungwa, barakoa ziko kidevuni, wakati korona inasambaa zaidi kwa hewa tunayovuta kuliko kwa kugusa vitu! Jamani, meseji ikikutisha na kukupa dawa hapohapo, usiifowadi kabla hujajua nani kasema na kama wataalamu wa afya wanakubali. Unaua watu wako mwenyewe kwa kidole.

Sasa dada, kunawa usiache. Sabuni, sekunde 20, kabla ya kula, ukitoka chooni, ukishapenga kamasi au kukohoa. Ila kila saa bila sababu punguza, ngozi ikipasuka vijidudu vinapata pa kuingilia, na kama ukikosa kunawa unakosa na usingizi, muone daktari, wala sio aibu. Mwenye mafua akija kwenu fungua madirisha kwanza, mambo ya kitasa baadaye. Na mumeo msomee hii yote.