Jibu: Baiskeli na ofisi zilizohamia Mtumba

Ndugu, umeuliza kama halmashauri ya jiji inaweza kuhimiza matumizi ya baiskeli huku ofisi za umma zikihamishiwa nje ya mji. Kwa Dodoma ninayoifahamu, jibu langu ni kwamba inawezekana, ila umbali ndio unaoamua.

Mpango mkuu wa mji wa mwaka 1976, ulioandaliwa miaka 3 baada ya uamuzi wa kuhamisha makao makuu, uliwapa kipaumbele watembea kwa miguu, baiskeli na mabasi, kwa kuwa makazi na kazi vilikusudiwa kukaa karibu. Mji wa Serikali uliozinduliwa Mtumba mwaka 2019 uko takribani kilomita 17 kutoka katikati ya jiji, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam. Nimewahi kwenda huko kwa baiskeli mwezi wa Julai: upepo unakupiga usoni, na kila lori linapokupita unalazimika kushuka kwenye changarawe. Karani hawezi kufika ofisini hivyo kila asubuhi na shati likabaki safi (tena kwa jua la Oktoba!).

Kwa hiyo, ningeishauri halmashauri ianze na safari fupi za sokoni, shuleni na stendi, na kule Mtumba ijenge maegesho ya baiskeli yenye kivuli kwa wanaohamia mitaa ya jirani. Wa mjini wawekewe mabasi ya uhakika.