Kava ya Feni Haiachwi Ukutani: Kwa Wadogo Zangu Mnaofunga Rejeta za Aluminiamu

Jumanne asubuhi nimefika gereji nikakuta kava ya feni ya Toyota Mark II GX110 imeegemezwa ukutani, karibu na ndoo ya oili chafu. Rejeta mpya ya aluminiamu iko ndani, inang'aa kama sufuria ya bi harusi, na kijana wetu ameshakaza boliti zote anafuta mikono. Nikamuuliza kava mbona iko nje. Akanijibu kwa furaha kabisa: "Kaka, haiingii, rejeta hii ni nene. Lakini gari iko poa, nimeipeleka mpaka Segerea na kurudi, mshale wa joto haujafika hata nusu."

Sikumgombeza. Ni kijana mzuri, mikono yake misafi, anawahi kazini. Nilikaa kwenye tairi nikamaliza chai yangu, kwa sababu jibu lile niliwahi kulitoa mimi, karibu neno kwa neno, mwaka 2014. Nawaandikia yeye na nyinyi wengine mlioanza kufunga hizi rejeta msimu huu wa joto, kila mmoja akirudia kosa la mwenzake wa mtaa wa pili.

1. Ijue rejeta ya zamani imekufa na nini. Zile za kiwandani mnazijua: mwili wa aluminiamu, matanki ya plastiki yamebanwa kwa meno ya bati, gasketi ya raba katikati. Plastiki ikipikwa miaka mingi inatoka kwenye weusi inakuwa ya kahawia, halafu inapasuka, mara nyingi kwenye shingo ya hosi ya juu. Kifo hicho ni cha kawaida, badilisha. Lakini kama rejeta ni nzima na gari inachemsha, tafuta kwingine kwanza: wota pampu, klachi ya feni, themostati (ile vali inayofungulia maji ya moto yaende kwenye rejeta). Fungua mfuniko injini ikiwa ya baridi, washa, piga resi kidogo, angalia shingoni. Maji yakitoa mapovu mfululizo, gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini, imeshaondoka, na hata ukimfungia mteja rejeta ya lori, gari itaendelea kuchemsha.

2. Pima kabla hujamtuma mteja Shaurimoyo kununua rejeta. Urefu, upana, unene, shingo za hosi ziko upande gani, na nafasi kati ya rejeta na pangaboi za feni. Ya kiwandani ina unene wa milimita kama 16 mpaka 26 hivi. Hizi za aluminiamu tupu zinakuja za 40, nyingine zinazidi 50. Hizo milimita zinatoka wapi? Zinatoka kwenye nafasi ya feni.

Halafu gia boksi. Gari nyingi tunazotengeneza ni otomatiki, na oili ya gia boksi inapoozwa ndani ya tanki la chini la rejeta. Rejeta nyingi za aluminiamu zinazouzwa kwa ajili ya JZX100, ndugu ya hizi Mark II, zimetengenezwa kwa gari za manyuo (gia za mkono), hazina kipozeo hicho. Nimeshaona fundi anaunganisha zile paipu mbili kwa kipande cha hosi ili oili izunguke tu, anamkabidhi mteja, na baada ya muda gia boksi inaanza kuteleza. Kama rejeta haina kipozeo, funga kipozeo cha nje mbele ya kondensa ya AC, au rudisha rejeta dukani. Na ukikuta oili ya gia boksi imekuwa ya pinki kama maziwa yenye stroberi, kipozeo cha ndani kimetoboka na maji yameingia. Hapo kazi si rejeta tena.

3. Kava ya feni.

Mwaka huo wa 2014 gari ilikuwa GX100 ya mama mmoja, muuguzi mstaafu, mteja wetu wa miaka. Shingo ya rejeta yake ilipasuka. Mimi ndiye niliyemshawishi aachane na plastiki. Nilimwambia, "Mama, chukua ya aluminiamu, nene, utamwachia mjukuu." Akaniamini. Rejeta ikaja, kava haikuingia, nikaiweka kwenye buti. Nilijiambia kwamba kwa kuwa sijaitupa, sijakosea.

Nikaijaribu gari saa tatu usiku, barabara ya Mandela, hakuna foleni, upepo wa kutosha. Mshale ulikaa chini ya nusu kama umepigiliwa msumari. Nikamkabidhi.

Kazi ya kava mnaijua kwa jina, lakini wengi hamjaiona kwa macho, na mimi sikuwa nimeiona. Feni ni mviringo, rejeta ni mstatili. Bila kava, feni inavuta hewa palipo rahisi, yaani pembeni, hewa ileile ya moto iliyokwisha kupita kwenye injini, inaizungusha na kuirudisha. Sehemu ya rejeta inayopata hewa mpya ni duara lililo mbele ya pangaboi tu. Kona zote nne zimekaa bure. Gari ikikimbia, upepo wa barabarani unafunika kosa hilo. Gari ikisimama, iliyobaki ni feni peke yake. Ndiyo maana jaribio la Segerea na kurudi halioneshi kitu, wala la Mandela usiku.

Siku nne baadaye yule mama akapata taarifa ya msiba. Dada yake amefariki Morogoro, mazishi saa tisa alasiri. Wakaondoka saa mbili asubuhi, mwanawe akiendesha. Ilikuwa Desemba, na barabara ya Morogoro ilikuwa imechimbwa kwa ujenzi wa njia za mwendokasi. Mliokuwepo mjini mnakumbuka foleni ile. Kati ya Ubungo na Kimara walikaa zaidi ya saa moja, AC imewashwa, jua la Desemba juu ya boneti.

Akanipigia. "Mwanangu, mshale umepanda mpaka kwenye H." Nikamwambia wazime AC, watoke pembeni, wazime injini. Mpaka hapo nilikuwa sahihi. Baada ya kama dakika kumi akapiga tena: "Tumewasha, mshale umeshuka, uko chini kabisa. Twende?"

Nikamwambia, "Nendeni mama, imeshapoa."

Sikilizeni vizuri hapa. Kitambuzi cha joto kinasoma maji. Maji yalikuwa yameshatoka yote kwa mfuniko, kitambuzi kimebaki hewani, na mshale ukashuka kwa sababu hapakuwa na kitu cha kusoma. Chuma kizito kiasi kile, kimechemka namna ile, hakipoi kikafika kwenye C, alama ya baridi, kwa dakika kumi. Nilijua. Ukinipa mtihani siku ile ningejibu bila kukosea. Lakini nilikuwa chini ya Noah ya mtu, simu imebanwa begani, na nilitaka awahi msiba. Sikumuuliza kama kuna maji chini ya gari. Sikumwambia awashe hita aone inatoa hewa gani, maana hita ikitoa hewa ya baridi wakati injini ni ya moto, maji hayapo. Swali moja tu lingetosha.

Walifika Kibamba. Injini ikapoteza nguvu, ikagonga, ikazima yenyewe.

Nilipofika na gari ya kuvuta nilimkuta amekaa kwenye kitenge kando ya barabara. Walikuwa wameshusha vitu kutoka kwenye buti ili wapande basi: mchele, sukari, sufuria mbili za msibani. Na juu ya nyasi, pembeni ya sufuria, ile kava ya feni. Akaishika akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiki nacho ni cha gari langu?"

Nikamwambia ndiyo, mama, ni cha gari lako.

Hedi ilikuwa imepinda, gasketi imeungua kati ya silinda ya tatu na ya nne. Nililipa mimi: kusawazisha hedi, gasketi, oili, kila kitu, na ilinichukua miezi miwili kumaliza deni la duka. Hilo ni la pesa, liliisha. Basi waliloinua mkono likawasimamia lilifika Morogoro watu wakiwa wanarudi kutoka makaburini. Hakunigombeza hata siku moja. Alichoniambia alipokuja kuchukua gari ni kwamba alitaka tu amwone dada yake uso.

Sasa namna ya kufanya. Chukua msumeno wa chuma, punguza kina cha kava kwa unene ulioongezeka, siyo zaidi. Upana wa pangaboi ukae nusu ndani ya mzingo wa kava, nusu nje. Kati ya ncha za pangaboi na kava acha kama sentimita mbili pande zote, maana injini inacheza kwenye mauntingi zake. Tengeneza mabano mapya ya bati, ziba nyufa za pembeni kwa ukanda wa raba. Ikishindikana kabisa, rejeta hiyo ni nene mno kwa gari hiyo. Chukua ya 40 au chini yake. Na wale wanaofunga feni ya umeme kwa kupitisha zile kamba za plastiki katikati ya mapezi ya rejeta, naomba muache leo. Zinacheza, zinasaga mirija, rejeta inavuja ikiwa bado mpya.

Jaribio linafanyika gari ikiwa imesimama. Saa saba mchana, boneti imefungwa, AC imewashwa, silensa (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta) dakika 40. Kaa nayo. Usiende kula.

4. Maji ya kisima hayaingii humo. Visima vingi vya hapa Dar vina chumvi, mnaona wenyewe ukoko kwenye birika, na chumvi inatoboa aluminiamu vitundu vidogo kama vya sindano. Weka kulanti, nusu kwa nusu na maji ya betri. Maji, nasema, siyo asidi. Someni chupa, kuna kijana alishaniletea asidi na tukamwahi mdomo wa chupa ukiwa tayari shingoni.

5. Mfuniko. Rejeta hizi mara nyingi huja na mfuniko wa mgandamizo wa bar 1.3, wakati gari yako imeandikwa 0.9. Rudisha 0.9. Kwa mgandamizo huo maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 118 hivi, inatosha sana, na hosi za mwaka 1998 hazitapasuka.

6. Themostati inarudishwa. Injini nyingi za Toyota zina themostati yenye vali mbili. Ukiing'oa, ile njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Nimesema hili mara ngapi? Nitalisema tena Jumatatu.

7. Bushi za raba za chini zirudi mahali pake. Rejeta ya kuchomelea ikikazwa chuma kwa chuma, mtikisiko unapasua weldi.

8. Ethi, yaani waya wa hasi unaounganisha injini na betri. Waya hasi wa mita ya volti kwenye hasi ya betri, waya chanya uguse maji tu bila kugusa rejeta, washa taa na feni ya AC. Ukisoma 0.3 V au zaidi, umeme unapita kwenye maji na utaila rejeta. Safisha ethi ya injini.

9. Kutoa hewa kwenye maji: inua pua ya gari, hita kwenye joto la mwisho, minya hosi ya juu mpaka mapovu yaishe, kisha kagua tena maji asubuhi yake injini ikiwa ya baridi.

Mwenye GX110 anakuja kesho saa nane mchana. Nimeshampigia, nimemwambia haijaisha. Kava iko juu ya meza, nimechora mstari kwa chaki, msumeno uko pembeni yake.