Wenye magari wananibania kwa makosa ya wenzangu

Kaka, unauliza ufanyeje, maana wenye magari Thika Road, Nairobi, wanakubania njia ilhali unaendesha bodaboda yako kwa adabu. Hasira yao naielewa: foleni imesimama Roysambu, boda inapenya kwa kasi, mpini unang'oa kioo cha pembeni, na jamaa hata hageuki. Mwenye gari akilalamika, anazingirwa na boda kumi. Hapo ndipo jina letu sisi wa boda lilipochafukia, kuliko hata kwa mwendo wa kasi.

Wewe shika barabara ya pembeni, haikucheleweshi sana. Usijipenyeze kati ya magari yanayosonga, hata abiria akikuharakisha. Taa washa mchana. Abiria mmoja, helmeti mbili, kama sheria inavyotaka. Ukigusa gari, simama mzungumze. Na stejini kwenu kubalianeni: anayegonga na kutoroka asipewe zamu.