Wafalme walikuwa wanamwandikia nani kama raia hawajui kusoma?

SWALI: Shikamoo mhariri. Hapa kijiweni kwetu Majengo, Moshi, kuna ubishi haujaisha. Mwenzetu anasema wafalme wa kale walichonga maneno kwenye mawe ili wananchi wasome. Mi nabisha, wananchi wenyewe walikuwa hawajui kusoma, sasa yalikuwa ya nini? Mbona Mangi, chifu wetu wa Kichagga, alikuwa anaagiza kwa mdomo tu na watu wanatii? Na je, huku Afrika yapo?
Msomaji, Majengo

JIBU: Marahaba. Ni kweli wengi hawakujua kusoma, ila we mwenyewe umeshaona mtu asiyejua kusoma akipokea barua yenye mhuri wa mtendaji, anavyoishika kwa mikono miwili hata kabla hajasomewa. Maandishi ya mfalme yalianza kufanya kazi hapo hapo, kwa kuonekana tu.

Mchukue Dario wa Uajemi. Alishika ufalme mwaka 522 KK na hakuwa mtoto wa mfalme aliyemtangulia, maasi yakazuka kila kona, kwa hiyo alikuwa na mengi ya kuwaeleza watu. Akachongesha kwenye jabali la Behistun, juu kabisa, pembeni ya barabara ya kwenda Babeli, habari zake kwa lugha tatu: Kiajemi, Kielamu na Kibabeli. Sasa ukiwa chini barabarani hata kama umesoma vipi huoni herufi, unachoona ni picha, Dario amemkanyaga adui kifuani na mbele yake wamepangwa waasi wamefungwa kamba shingoni. Tena baadaye akamshinda chifu mwingine, mwenye kofia ndefu iliyochongoka, akataka naye aongezwe kwenye foleni, nafasi hakuna, basi wakakata sehemu ya maandishi ya Kielamu na kuyachonga upya pembeni! Hapo ndo unajua picha ilikuwa na uzito gani kwake.

Lakini maneno yenyewe hayakuachwa mlimani. Nakala zilisambazwa, moja ya Kiaramu, lugha iliyotumika ofisini kwenye ufalme wake, imekutwa kisiwa cha Elephantine huko Misri, na karibu kila aya inaanza na "Mfalme Dario asema", yaani ukisomewa kwa sauti ni kama yeye kasimama mbele yako. Kwa hiyo mwenzako naye ana hoja kidogo, ujumbe ulifika, ila kwa masikio. Mangi alitawala watu wa mlima mmoja, mjumbe akitembea anafika, Dario alikuwa na nchi kuanzia Misri mpaka karibu na India.

Afrika yapo, tena mazuri sana. Mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia, karne ya 4, aliandika habari za ushindi wake kwenye jiwe kwa Kigeez (lugha ya kale ya huko), Kisabea (cha Yemen ya kale) na Kigiriki, na alipoingia Ukristo akabadilisha mpaka sarafu, mwezi na jua vikatoka msalaba ukaingia, hivyo hata mchuuzi wa sokoni aliona mfalme kabadilika.

Na nyumbani kabisa tuna Kilwa. Masultani wake walipiga sarafu za shaba, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande zote mbili zina vina kama shairi, kwa Kiarabu. Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyetembelewa na Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, mwaka 1331, imekutwa Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe huko Zimbabwe, bara kabisa, mbali na bahari.