Goti linakwama nikichuchumaa

SWALI: Shikamoo daktari. Navua dagaa Kibirizi, Kigoma. Tangu niteleze mtumbwini, goti la kulia hukwama nikichuchumaa, asubuhi limevimba. Nasikia kuna upasuaji wa kamera. Watalipasua lote?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana. Hutobolewa matundu mawili au matatu, kila moja halifiki hata sentimita 1: huku kamera, huku vifaa, na maji ya chumvi yakilitanua goti. Kukwama huko kunanifanya nishuku gegedu, ule mto laini ndani ya goti, limechanika, kipande kinabanwa kati ya mifupa. Kapimwe; MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wanaufanya upasuaji huu. Nakusihi, usikubali kukandwa kwa nguvu! Na kovu dogo lisikudanganye: gegedu likishonwa, nyavu zitakungoja miezi kadhaa.